Alama 27, kisha 41: nilivyojifunza kuionja bia nzito ya kimea

Karatasi yangu ya kwanza ya kuipa bia alama bado ninayo. Juu nimeandika jina la bia ya Scotland, Traquair House Ale, kilevi asilimia 7.2. Chini kabisa, ndani ya duara, kuna 27 kati ya 50. Kwenye nafasi ya maelezo niliandika maneno manne tu: "Tamu, inachoma kooni kidogo."

Bia haikuwa na kosa lolote. Niliitoa kwenye friji chupa ikitoa jasho, nikaimimina kwenye glasi ndefu, nikainywa kama nilivyozoea kunywa laga tangu ujana wangu Moshi. Kule mhudumu akija mezani anauliza, "Ya baridi au ya moto?" Mimi siku zote nilisema baridi. Baba yangu alikuwa akiagiza ya moto, yaani ile isiyopita kwenye friji, na sisi vijana tulichukulia kuwa ni mazoea ya wazee.

Sasa nina mwaka wa saba Edinburgh. Nilivutwa kwenye bia za huku na lebo. Siku moja dukani niliona chupa imeandikwa 80/-, na Mtanzania akiona alama hiyo anajua anasoma bei. Kumbe kweli ilikuwa bei. Katika karne ya 19 bia za Scotland ziliitwa kwa shilingi za bei ya pipa zima: nyepesi ilikuwa ya shilingi 60, iliyozidi nguvu 80, na zile kali zikapanda 90 na kuendelea. Uingereza iliziacha shilingi mwaka 1971, lakini kwenye bia jina likabaki. Zilizo nzito kuliko zote huitwa Wee Heavy, tuseme kazito kadogo, kwa kuwa ziliuzwa kwenye vichupa vidogo. Hizo ndizo nilizotaka kuzijua, na 27 yangu ikawa inanisumbua, kwa sababu watu ninaowaamini walikuwa wakiisifu bia ileile.

Nikaamua kwenda inakopikwa. Ni safari ya basi kutoka Edinburgh kwenda kusini hadi Innerleithen, kwenye bonde la mto Tweed, kisha kutembea kidogo. Nyumba ya Traquair huhesabiwa kuwa kongwe kuliko zote za Scotland ambazo bado zinakaliwa na watu. Ina lango kubwa lililofungwa tangu 1745, linalosubiri mfalme wa ukoo wa Stuart arudi kwenye kiti chake. Mimi nilikwenda kwa ajili ya kiwanda, ambacho ni kidogo mno kuitwa kiwanda. Vyombo vya kupikia vya karne ya 18 vilikuwa vimeachwa humo bila kazi, mpaka mwaka 1965 mwenye nyumba, Peter Maxwell Stuart, alipoanza kupika tena. Hadi leo bia inaumuka ndani ya mapipa makubwa ya mbao za mwaloni. Nilisimama pale nikavuta pumzi. Hewa ilikuwa na harufu ya uji wa ulezi uliochacha kidogo, na mara moja nikajiona niko jikoni kwa shangazi yangu, Marangu.

Nililala na jambo hilo siku kadhaa. Shangazi anapika mbege. Ulezi anauloweka, anauacha uchipue, anauanika, anausaga. Hicho ndicho kimea. Ndizi mbivu zinachemshwa muda mrefu, zinakaa, zinachujwa, kisha uji wa kimea unaingia. Ili utamu usizidi, anaweka gome la msesewe, ambalo lina uchungu wake. Bia ya Scotland inakwenda njia hiyohiyo: shayiri inaloweshwa, inachipua, inakaushwa kwa joto la tanuru, na pahali pa msesewe wanaweka hopsi, maua yenye uchungu. Kwa aina hii hopsi huwa chache, kimea ndicho kinachotawala. Nikajiuliza: mbege nimewahi kuinywa ya barafu? Hata siku moja.

Siku ile pale Traquair, mama aliyeniuzia chupa dukani kwao alinieleza kwa upole kuwa nisiiweke kwenye friji. Akasema, "Iache mezani, uivumilie." Nikabeba chupa nne.

Kwa alama nilikuwa natumia karatasi ya BJCP, mpango wa Wamarekani wa kuwafunza majaji wa bia, ulioanza 1985. Harufu ina alama 12, mwonekano 3, ladha 20, hali ya bia mdomoni 5, na hisia ya jumla 10. Kosa langu la pili lilikuwa hapo: nilikuwa naanza na jumla. Nilikuwa naamua kwanza kama nimeipenda au sikuipenda, kisha nazigawa alama nyuma kwenda mbele zikubaliane na uamuzi. Safari hii niliandika kila sehemu peke yake na kuifunika kwa kitabu kabla ya kwenda kwenye inayofuata.

Jumamosi usiku, mtoto amelala, nikaandaa meza. Glasi fupi yenye tumbo pana na mdomo uliobana, ile ya brandi, ili harufu isipotee. Maji ya bomba. Kipande cha mkate mkavu. Kipimajoto cha jikoni cha mke wangu, ambacho hutumia kwenye nyama. Chupa moja niliiweka kwenye friji kwa makusudi, niifuate bia inavyopanda joto.

Nyuzi 6. Harufu karibu hakuna. Ulimini sukari na ukali, ileile 27 yangu. Niliandika, nikangoja.

Nyuzi 10. Povu limeshuka, limebaki pete ya rangi ya maziwa ya chai kwenye ukuta wa glasi. Nikaiinua kwenye taa: hudhurungi iliyoiva, pembeni inaingia wekundu kama wa ubuyu. Harufu ikaanza kuja, lakini sikuwa na jina lake. Nilijaribu maneno ya kwenye vitabu, matunda makavu, karameli, nikaona yote ni ya kuazima.

Mke wangu hanywi pombe, lakini ni mtu wa Tanga na pua yake ndiyo inayoongoza jiko letu. Nikamsogezea glasi. "Mama Neema, hebu nusa tu." Akanusa mara mbili, akafumba macho.

"Baba Neema, hii ni sukari ya kashata. Ile dakika kabla haijaungua, unapotakiwa kutia nazi haraka."

Ndiyo yenyewe! Kwa kweli mkono wangu ulitetemeka nikiandika. Na huenda sababu ni hii: baadhi ya wapishi wa bia hizi huchemsha togwa la shayiri kwa muda na moto wa kutosha hadi sukari yake inashika rangi sufuriani. Kashata na bia iliyopikwa hivyo zimepita kwenye moto wa namna moja.

Nyuzi 14. Hapa nilikaa muda mrefu kuliko pengine pote. Kashata ikasogea pembeni, ikafuata tende, kisha ganda la mkate uliokaushwa, na nyuma kabisa kitu kikavu cha mbao. Utamu ulikuwepo ukiingia mdomoni, lakini kooni ulikuwa umekatika, pakabaki uchungu mdogo uliotulia kwenye mzizi wa ulimi, palepale unapokaa msesewe. Ule mchomo niliouandika mara ya kwanza ulikuwa umegeuka joto la kifuani. Kilevi hakikuwa kimepungua. Katika ile baridi ladha nyingine zilikuwa zimefichwa, kikabaki kinasikika peke yake.

Nilipofikia nyuzi 17 ilianza kulegea, utamu ukazidi. Basi kwangu mahali pake ni kati ya 12 na 15, na chupa nyingine tatu nimezinywa hivyo: naitoa kabatini, natumia friji dakika chache tu kama nyumba ina joto.

Alama: harufu 10. Mwonekano 3. Ladha 16, nimekata kwa sababu ningependa ule ukavu wa mbao uje mapema kidogo, kabla utamu haujatawala. Hali ya bia mdomoni 4, ni nzito bila kunata. Hisia ya jumla 8. Zote pamoja zinakuwa 41, na kwa kipimo cha BJCP kuanzia 38 hadi 44 ni bora sana. Sijaipa bia yoyote 45 bado, na siioni haraka ya kufanya hivyo.

Kwa atakayejaribu, apige hesabu kwanza. Mililita 330 za asilimia 7.2 zina karibu mililita 24 za kilevi halisi, zaidi ya nusu lita ya laga ya asilimia 4.5. Mimi chupa moja naimaliza kwa saa nzima na zaidi, na ya pili sifungui, maana ulimi uliochoka hautoi alama za haki.

Jumapili nilimpigia baba. Nikamweleza yote, nyuzi, kashata, mapipa ya mwaloni. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo siku hizi unakunywa ya moto?"

Nikamjibu, "Ndiyo baba, ya moto."