Mguu uliotangulia

Jumapili, usiku

Shangazi alikuwa na kaburi kabla hajafa. Dogo tu, chini ya mgomba, nyuma ya jiko, na ndani yake umo mguu wake wa kulia kuanzia chini ya goti. Sukari ndiyo iliyouchukua. Ilianza na kidonda cha kuchunwa na ndala, kidonda kikakataa kupona, kidole kikawa cheusi, na hospitali wakasema wasipokata watampoteza mwenyewe. Baada ya upasuaji wakauliza: mguu tuuzike sisi au mtauchukua? Binamu akajibu kwamba mguu wa mama yake haubaki mjini. Akaupandisha Upareni ndani ya boksi la mafuta ya kula, amelifunga kwa mpira nyuma ya bodaboda, na dereva hakuambiwa amebeba nini mpaka alipokwisha kulipwa.

Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta barazani, magongo yameegemea ukuta, anachambua tangawizi ya kupeleka mnadani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umekuja kuniona mimi au umekuja kumwona mwenzangu aliyetangulia?"

Akacheka peke yake. Kisha akaniuliza, na safari hii hakuwa anatania: "Wewe uliyesoma, hebu niambie. Siku ya kiyama huu mguu unanifuata, au nafufuka kilema?"

Nilimjibu ovyo, kwamba kwa Mungu hakuna linaloshindikana. Alinitazama kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu. Sasa tumemzika, na swali lake naona limeniangukia mimi.

Jambo la ajabu ni kwamba mhubiri mmoja alishamletea jibu, tena bila kuombwa. Alipita kuwaombea wagonjwa, akafungua Marko 9:45: "Na mguu wako ukikukosesha, ukate, ni afadhali kuingia katika uzima, u kiwete, kuliko kuwa na miguu miwili na kutupwa katika jehanum." Nadhani alitaka kumfariji. Shangazi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia: "Mtumishi, huu wangu haukunikosesha. Ulikuwa mguu mwema. Umeniendesha shambani, kanisani na msibani, haukuwahi kunipeleka kwingine. Ni sukari tu."

Familia yetu, ukitaka kuiita hivyo, ni mkutano mkuu wa makanisa. Shangazi alikuwa Mlutheri tangu ubatizo. Baba mdogo, mdogo wake wa kumfuata, ni Msabato, na kwa Upare wa Kusini hilo si la kushangaza: Waadventista walifika Giti, kule Mamba, mwaka 1903, Walutheri nao wakajenga Mbaga, na tangu hapo kila ukoo una wa Jumamosi na wa Jumapili. Mke wa binamu ni Mchaga wa Kilema, Mkatoliki wa kufunga rozari shingoni. Kwa hiyo usiku wa pili wa msiba, mvua inanyesha, watu wamejibana chini ya turubai na kahawa inazunguka, mtu mmoja akauliza kwa sauti: hivi saa hizi dada yuko wapi? Hatukulala.

Baba mdogo alisema amelala. Hajui lolote, wala haoni kama tunalia au tunacheka, na ataamshwa parapanda itakapolia. Akataja Mhubiri 9:5, kwamba wafu hawajui neno lolote. Shemeji, yaani mke wa binamu, alisema roho yake imekwisha kusimama mbele ya Mungu, na kwa kuwa hakuna aliye safi kabisa huenda anatakaswa, ndiyo maana tunamwombea. Mwinjilisti wa mtaa wetu akaleta yule mnyang'anyi msalabani: "Leo hii utakuwa pamoja nami peponi." Leo, akasema, si siku ya mwisho.

Niliwasimulia habari ya Papa Yohane wa 22. Mwaka 1331, akiwa Avignon, alianza kuhubiri kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu waziwazi mpaka baada ya hukumu ya mwisho. Wanateolojia wa Paris wakamjia juu, na mwaka 1334, akiwa anakata roho, akaiondoa kauli yake. Aliyemrithi, Benedikto wa 12, akalifunga jambo hilo mwaka 1336: waliotakasika wanamwona Mungu mara tu baada ya kufa, hata kabla ya ufufuo. Baba mdogo alijipiga gotini kwa furaha. "Kumbe Papa alikuwa Msabato!" Shemeji akamjibu kwamba aliungama kabla hajafa, na yeye baba mdogo bado ana nafasi.

Lakini hata huko hakuna aliyejibu habari ya mguu. Wote walikuwa wanabishana juu ya roho: ipo macho, imelala, inatakaswa. Na hili ndilo linalonisumbua. Kesho yake kipaza sauti kilipita kwa wasemaji zaidi ya kumi, wa ukoo, wa kikoba, wa kwaya, wa chama, na kila mmoja alisema mama yetu yuko mbinguni anatuangalia. "Sisi tulimpenda, Mungu amempenda zaidi." Hakuna aliyetaja ufufuo. Aliyeutaja ni mchungaji peke yake, tena kwa sababu kitabu cha ibada kinamlazimisha, pale alipotupa udongo mara tatu juu ya jeneza akasema habari ya mavumbi na siku ya mwisho. Kila Jumapili tunakiri imani kwa sauti moja, na ile imani haisemi nitapaa nikae mawinguni. Inasema kufufuka kwa mwili, na uzima wa milele. Mwili! Tunalitamka haraka tukiwahi matangazo.

Nimerudi kusoma 1 Wakorintho 15 taratibu. Paulo anaandika kana kwamba anamjibu shangazi: "Hupandwa katika udhaifu, hufufuliwa katika nguvu." Anatumia mbegu. Unachopanda si ule mmea utakaokuwa, ni chembe tupu, lakini mmea haufiki kutoka kwingine. Unatoka humo humo ardhini. Na Kristo mwenyewe, alipofufuka, hakuwa kivuli. Luka anasema walimpa kipande cha samaki wa kuokwa akala mbele yao. Tomaso aliambiwa atie mkono ubavuni, maana yake jeraha lilikuwepo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Augustino wa Hippo, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini. Kazi yake kubwa juu ya Mji wa Mungu aliianza mwaka 413 akaimaliza 426, na katika kitabu cha mwisho, cha 22, anapambana na maswali ambayo nilidhani ni ya barazani kwa shangazi tu. Nywele na kucha tulizokata maisha yote zitarudi? Watoto waliokufa wachanga watafufuka na umri gani? Aliyeliwa na watu wenye njaa, nyama yake itakuwa ya nani? Hakuyapuuza. Anasema upungufu wote utajazwa na kila kilema kitaondolewa. Kuhusu mashahidi, yaani wafia dini, waliokatwa viungo, anaona viungo vyao vitarudi, ila huenda alama za majeraha zikabaki, si kama dosari bali kama heshima.

Bahati nzuri hili nililisoma akiwa bado hai, nikampigia simu. Alifurahi sana kusikia mguu unarudi. Ile ya alama akaikataa. "Mimi si shahidi, baba. Mimi ni mgonjwa wa sukari. Nautaka mguu bila mshono."

Huenda anayesoma anaona haya ni mambo ya kitoto. Mimi naona sisi tunaojiita wasomi wa dini ndio tumeyafanya ya kitoto, kwa kuhubiri mbingu isiyo na udongo, wakati watu wetu hawajawahi kuudharau mwili wa marehemu hata siku moja. Kabla ya wamisionari, Wapare walitunza mafuvu ya wakubwa wa ukoo katika sehemu takatifu za msituni na mapangoni. Waliotuhubiria walituambia ni upagani, na sina hamu ya kuturudisha huko. Lakini babu zetu hao wangeielewa Wakorintho kuliko wasemaji wa kwenye msiba wetu. Walijua mtu ni pamoja na mifupa yake.

Ndiyo maana sikucheka ulipozuka mjadala wa pili, kuhusu kuufukua mguu ili uzikwe naye. Shemeji alitaka viwe pamoja. Baba mdogo alisema Mungu aliyemuumba Adamu kwa mavumbi hatashindwa kupita nyuma ya jiko. Wazee wa ukoo wakamaliza kwa busara ya kawaida: kaburi lichimbwe pembeni ya mgomba ule ule, asifukuliwe mtu. Vijana walichimba usiku kwa taa za simu, udongo mwekundu umelowa unang'ang'ania majembe, na walipokaribia upande wa boksi wakawa wanachota kwa mikono.

Sasa jehanamu. Ningependa kuiruka lakini haikutuacha tupite. Baada ya mahubiri, mgeni mmoja aliomba "dakika mbili za neno la uzima", akachukua nusu saa. Jeneza lipo mbele yake, yeye anauliza: ukifa usiku huu utaamkia wapi? Akaueleza moto kwa undani kama aliyetoka huko juzi. Watoto wa binamu walianza kulia upya. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Mtu akikubali wokovu kwa sababu umemfungia mlango wa kaburi, amekubali nini?

Sisemi jehanamu haipo. Mathayo 25 siwezi kuikwepa: hawa katika adhabu ya milele, wale katika uzima wa milele, na Augustino huyo huyo alionya kwamba huwezi kuifupisha milele ya upande mmoja ukaiacha ndefu ya upande wa pili. Baba mdogo anaamini waovu watateketea waishe, wawe majivu kama asemavyo Malaki, na kwamba Mungu wa upendo hawezi kuwa na chumba cha mateso kisichofungwa. Nakiri moyo wangu unavutwa huko kuliko kichwa changu. Mwaka 1999 Papa Yohane Paulo wa 2 aliwafundisha mahujaji kwamba jehanamu ni hali ya anayejitenga na Mungu kwa hiari yake, zaidi ya kuwa mahali. Hiyo kwangu inatisha kuliko moto, kwa sababu nimeshawaona watu wanaoianza hapa hapa, mtu na ndugu yake hawajasalimiana tangu mgogoro wa shamba.

Linalonishangaza ni jinsi tunavyoigawa. Kwenye msiba wa mtu wetu haipo kabisa. Kwa jirani inaonekana mara moja. Miaka iliyopita kijana mmoja wa kijijini alijiua, na kanisa lake likakataa kumzika. Alizikwa na wajomba zake, bila kengele wala wimbo, na mama yake alibaki anauliza watu njiani kama kweli mwanawe yuko motoni. Hata Wakatoliki, ambao sheria yao ya 1917 iliwanyima maziko ya kanisa waliojiua kwa makusudi, waliliondoa katazo hilo kwenye sheria ya 1983, na katekisimu yao inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wao. Kanisa hilo limetangaza watakatifu kwa maelfu, ila halijawahi kumtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko jehanamu. Kama Roma na mafaili yake yote haijathubutu, mhubiri wa dakika mbili amepata wapi orodha?

Mama wa yule kijana alikuja kumzika shangazi. Alikaa nyuma, karibu na masufuria, akisaidia kuosha sahani. Yule mgeni alipofika kwenye moto aliinuka akaenda kisimani na ndoo, ingawa maji yalikuwepo.

Nimemwandikia mchungaji nikimwomba kwamba ibada ya arobaini isomwe 1 Wathesalonike 4, pale Paulo asemapo tusihuzunike kama wasio na matumaini, na kwamba kipaza sauti kisipewe mgeni. Ya kwanza amekubali. Ya pili amesema tutaona.

Shemeji naye ameandikisha Misa tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, huko kwao Kilema, na ametuomba tumsindikize. Mimi ni Mlutheri, na ninajua Luther alisema nini juu ya biashara ya toharani, ya kuuza msamaha kwa ajili ya roho zinazotakaswa. Nitakwenda. Raha ya milele umpe, ee Bwana: sioni neno hapo ambalo siwezi kulisema. Nilimwuliza baba mdogo kama atakuja. Akasema hawezi, wafu hawaombewi, na aliyelala hahitaji kusukumwa. Jioni akanitumia kwenye simu hela ya nauli yangu na ya binamu, akaongeza ya kutolea.