Kuchagua mfumo endeshi wa seva kuukuu ya bekapu: uzoefu wangu Lamu

Kompyuta yenyewe ni HP Compaq ya mezani, prosesa Core 2 Duo E8400 ya mwaka 2008, RAM GB 4 za DDR2. Kazi yake ni moja tu: kupokea bekapu za picha, hesabu za gesti na kazi za watoto za shule kutoka kwenye laptopu za nyumbani, hapa Mkomani. Kazi hiyo haitaki nguvu nyingi. Inataka mfumo endeshi utakaoikubali prosesa kuukuu, utakaoendelea kupata masasisho ya usalama kwa miaka, na utakaoandika diski kwa namna ambayo siku mashine ikifa, diski inachomolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine yoyote. Sharti hili la tatu ndilo nililolipa uzito kuliko yote. Kisiwani hewa ya chumvi hula bodi za kompyuta, na bodi ya umri huu ikishakufa usitarajie kupata nyingine dukani.

Prosesa peke yake iliondoa majina makubwa mapema. E8400 ni ya biti 64, lakini haina maagizo ya SSE4.2, amri za ziada zilizoingia kwenye prosesa za baadaye. Red Hat Enterprise Linux 9 na AlmaLinux 9 hudai kiwango cha sifa za prosesa kiitwacho x86-64-v2, ambacho SSE4.2 ni sehemu yake, kwa hiyo hazifanyi kazi hapo. Windows 11, tangu toleo la 24H2, nayo huyahitaji maagizo hayo hata ukivipita vizuizi vyake vingine; na Windows 10 iliachwa bila masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. TrueNAS, mfumo wa seva za kuhifadhi mafaili, inataka RAM isiyopungua GB 8. DDR2 za kuongezea zinaweza kupatikana, ila fedha hizo afadhali zinunue diski ya pili.

Kuijua prosesa yako, washa mashine kwa flashi ya Linux inayokubali kuwaka hapo, andika `lscpu`, kisha tafuta `lm` na `sse4_2` kwenye orodha ya sifa. Isipokuwapo `lm`, prosesa ni ya biti 32, na Debian 13, mojawapo ya aina za Linux, haina tena kisakinishi cha biti 32. Hapo utabaki na Debian 12.

Kwangu zilibaki FreeBSD, OpenMediaVault na Debian. FreeBSD, mfumo huria ulio jirani na Linux, ikiwa na ZFS (namna yake ya kuandika diski) ni imara sana, na ZFS hugundua data iliyoharibika kimyakimya. Lakini fundi wa mtaani mwenye flashi ya Linux ya kawaida mara nyingi hataifungua diski ya ZFS mpaka aongeze moduli zake kwanza, pengine siku ambayo intaneti haipo. OpenMediaVault ni Debian iliyovishwa kurasa za kubofya, na anayeogopa kuandika amri ningempa hiyo bila wasiwasi. Shida yake ni kwamba huyaandika upya mafaili ya mipangilio. Ulichorekebisha kwa mkono leo, kesho hukikuti. Nikachukua Debian 13 tupu, iliyotoka Agosti 2025, na kwenye diski ya data nikaweka ext4, namna ya Linux ya kuandika diski, ambayo flashi yoyote ya Linux inaifungua.

ext4 haiweki alama za uhakiki za kuonyesha kama data imeharibika, na pengo hilo haliachwi wazi. Nililiziba kwa restic, programu ya bekapu: hugawa mafaili vipande, na kila kipande kina alama yake ya uhakiki ya SHA-256. Kila wiki amri `restic check --read-data-subset=10%` husoma sehemu ya hazina (folda ambamo restic huweka bekapu) na kulalamika ikikuta kipande kilichoharibika. Hugundua tu, haiponyi. Ndiyo maana nikataka diski ya pili. Programu ya restic ni faili moja, kwa hiyo nakala zake za Linux na Windows nimeziweka kwenye diski hiyohiyo, nje ya hazina, na nenosiri liko kwenye karatasi. Bila nenosiri hilo bekapu yote ni takataka, hakuna wa kukufungulia.

Kabla ya kusakinisha chochote, kagua chuma. Chomoa RAM, futa meno yake kwa raba ya penseli, kisha pangusa kwa spiriti na uache yakauke. Acha Memtest86+, programu ya kupima RAM, ikimbie usiku kucha. Kosa hata moja linatosha kuikataa RAM hiyo, kwa sababu data huharibika kabla haijafika kwenye diski. Badilisha betri ya saa, CR2032. Ikiisha, saa hurudi nyuma miaka, vyeti vya tovuti salama vinakataliwa, na tarehe za bekapu zinavurugika. Halafu soma afya ya diski kwa `smartctl -a`: `Current_Pending_Sector` (sekta zinazoshindwa kusomeka) ikizidi sifuri, diski hiyo si ya bekapu. `UDMA_CRC_Error_Count` (makosa ya data ikiwa njiani) ikiwa ndiyo inayopanda, mara nyingi tatizo ni waya wa SATA, usiitupe diski.

Kusakinisha ni kwepesi: mfumo kwenye SSD ya GB 120, na kwenye orodha ya programu acha alama kwa seva ya SSH (ya kuiamuru mashine kutoka kompyuta nyingine) na zana za kawaida pekee. Hakuna haja ya skrini yenye madirisha ya kubofya. Jambo moja la Debian 13 linawagusa wenye RAM ndogo: `/tmp` sasa inakaa ndani ya RAM na inaweza kuchukua mpaka nusu yake. Kwenye GB 4 niliizima kwa `systemctl mask tmp.mount` na kuwasha upya.

Diski ya data, TB 4, ndiyo iliyohitaji uangalifu. BIOS ya zamani (programu ya bodi inayoiwasha mashine) inapata taabu kuwasha mfumo kutoka diski iliyozidi TB 2, lakini kama diski ni ya data tu, yenye jedwali la mgawanyo la GPT, Linux inaitumia yote. Ifomati ikiwa imechomekwa moja kwa moja kwenye SATA. Baadhi ya makasha ya USB hubadilisha ukubwa wa sekta kutoka 512 hadi 4096, na diski iliyofomatiwa humo ukiitoa na kuichomeka kwenye bodi huonekana tupu. Tumia `mkfs.ext4 -m 0`. Bila hivyo asilimia 5 inatengwa kwa ajili ya mfumo, yaani GB 200 za bure zinapotea.

Kwenye `/etc/fstab`, faili la diski za kushikwa mashine inapowaka, andika UUID (namba ya utambulisho wa diski), `noatime` (isiandike muda wa kila faili kusomwa) na `nofail`, ili diski ikigoma seva bado iwake. Lakini `nofail` ina hatari yake: diski isiposhikwa, folda yake inabaki tupu na bekapu inamiminwa kwenye SSD mpaka ijae. Dawa ni kuifunga folda kabla ya kushika diski: `chattr +i /srv/bekapu`. Diski ikikosekana, hakuna kinachoandikika, na kosa unaliona palepale.

Wi-Fi niliiacha. Viwambaza vya mawe ya matumbawe vya nyumba zetu ni vinene, na vyumba viwili tu vinatosha kuua mawimbi. Vuta waya wa mtandao wa Cat5e juu ya mlango mpaka kwenye rauta. Wala usiiweke seva ndani ya kidaka (tundu la ukutani la kuwekea vitu), hata ikionekana inatosha. Nyuma hakuna hewa, na chokaa inayopukutika huingia kwenye feni.

Umeme sasa. Mashine hii huvuta takriban wati 50 ikiwa haina kazi, yaani yuniti 36 za tokeni kwa mwezi ikikesha. Ikiamka saa tatu usiku na kulala saa tano, ni yuniti 4 hivi. Mwisho wa skripti ya bekapu nimeweka `rtcwake -u -m off`, inayoizima mashine, pamoja na muda wa kuamka kesho yake, na skripti yenyewe inaanza kila mashine inapowaka. BIOS nimeiambia iwake umeme ukirudi, kwa hiyo stima ikikatika saa ya kuamka, kazi inafanyika baadaye. UPS, betri ya kushikilia stima ikikatika, imeunganishwa kwa USB na programu ya NUT inayoiangalia. UPS za bei nafuu mara nyingi hukubali kiendeshi cha `nutdrv_qx` pale `usbhid-ups` inapokataa.

Diski ya pili inakaa nyumba nyingine, na kila mwezi hubadilishana na ya kwanza. Kabla ya kuipeleka naichomeka kwenye laptopu iliyowashwa kwa flashi ya Linux, narudisha faili moja kubwa kwa `restic restore`, naifungua. Isipofunguka, diski haitoki nyumbani mpaka sababu ijulikane.