RAM za 8GB zilizogoma kwenye HP 8300: chanzo nimekipata

Imewaka. GB 24, zote zinasomeka, na MemTest86+, programu ya kupima memori, imekesha ikizunguka bila kutoa hata mstari mmoja mwekundu. Sasa naweza kuandika kwa utulivu, maana hadi juzi ningeandika kwa hasira tupu.

Kwa ambaye hajafuatilia: mradi ni kutengeneza modeli za 3D za magofu ya Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga kwenye njia ya Pangani, kwa picha za simu. Nguzo za makaburi, kuta zenye vishimo ambamo zamani yalipachikwa mabakuli ya kaure kutoka China, mabaki ya msikiti. Yote hayo yanapigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima, nami nataka kila jiwe liwe na nakala yake kabla halijadondoka. Picha naziunganisha kwa ODM (OpenDroneMap, programu inayogeuza picha kuwa modeli za 3D) kwenye Linux, hapa nyumbani Chumbageni, kwa HP Compaq Elite 8300 ya mtumba yenye prosesa ya Intel i5-3470. Ina sloti nne za DDR3, kizazi cha RAM cha kabla ya DDR4, na ilinifikia ikiwa na GB 8, yaani RAM mbili za 4.

ODM inakula memori. Makadirio ya watengenezaji wake wenyewe ni kama GB 16 kwa picha 250, na GB 32 kwa picha 500. Kaburi moja kubwa la nguzo lina picha zaidi ya 200. Kila nikilipandisha, kazi inakwenda vizuri mpaka kwenye hatua ya wingu la nukta za 3D, halafu inakatika na kuacha namba 137. Ukiiona 137 usichezee mipangilio: Linux imeiua kazi kwa sababu memori imekwisha. Nilifungua swapu kubwa, yaani sehemu ya diski ya kuzunguka inayotumika kama memori, kazi ikaacha kufa ila ikawa inatambaa, na kwa umeme wetu kazi inayotambaa usiku kucha ni kazi unayoianza upya asubuhi.

Basi, RAM. Prosesa hii inakubali GB 32 na kasi ya 1600, na sloti ni nne, kwa hiyo kikomo ni GB 8 kwa sloti. Ngamiani nilipewa kwanza RAM za seva kwa bei ya kutupa, zenye herufi R baada ya 12800, namba ya lebo ya RAM za kasi hiyo ya 1600. Hizo nilizirudisha kwenye meza palepale; mashine ya kawaida ya mezani haiwaki na R, inataka U. Nikachukua mbili mpya za 8GB, DDR3, 1600, volti 1.5, pini 240, bei karibu nusu ya nilizokuwa nikiziona kwingine. Muuzaji akazichomeka kwenye mashine yake ya majaribio mbele yangu. Ikawaka, GB 16 zikaonekana, nikalipa.

Nyumbani: milio mitano, taa nyekundu mara tano, kimya, tena mitano. Mwenye HP za ofisi za miaka hiyo anaujua wimbo huo. Ni memori, hata skrini haijafikiwa. Milio inanyamaza baada ya kurudia mara tano lakini taa inaendelea kumeta mpaka uchomoe.

Hapa ndipo ilipoanza kunila. Moja peke yake kwenye sloti nyeusi, maana HP inataka hiyo ijazwe kwanza: mitano. Nyingine peke yake: mitano. Kila sloti, kila mpangilio, mitano. Zile 4 za zamani nikizirudisha inawaka kama kawaida. Ya zamani moja pamoja na mpya moja: mitano. Nikatoa betri ya CMOS, nikaiacha nje, nikarudisha. Nikapandisha BIOS, programu inayoiwasha mashine, hadi toleo la mwisho la HP, huku nimeshika roho umeme usikatike katikati. Nikasafisha pini kwa spiriti na kitambaa laini. (Hapa nina msimamo: raba ya shule muiache. Ni kweli inang'arisha, lakini inakwangua dhahabu, na pini iliyokwanguliwa katika hewa ya Tanga itakutesa mwaka kesho. Spiriti ya asilimia kubwa, kitambaa kisichotoa nyuzi, basi.)

Nikarudi dukani. "Kaka, hizi hazisomi." Akazichomeka kwenye mashine yake. Zikasoma. "Mbona hapa zinawaka, kaka? Angalia mazabodi yako." Sikuwa na la kujibu, kwa sababu kweli zilikuwa zinawaka. Kilichoniuma si bei, ni kuambiwa mashine yangu mbovu wakati naijua ni nzima, na kukosa ushahidi.

Ushahidi nimeupata kwenye chipu zenyewe. RAM hizi hazina bati la kufunika, chipu ziko wazi, nane kila upande. Maandishi yamefifia kiasi kwamba ukiyatazama usoni huoni kitu. Nikazima taa ya chumba, nikalaza tochi ya simu pembeni kabisa mwanga upite juu kwa juu, nikapiga picha kwa simu nyingine. Ikatokea: K4B4G0446. Nikachomoa RAM ya 4 ya zamani, ambayo nayo ni Samsung, nikaipiga vilevile: K4B2G0846.

Acheni hiyo 4G na 2G, huo ni ujazo wa chipu. Tazameni 04 na 08. Hapo Samsung wanaandika upana wa chipu: 08 inatoa biti nane kwa mpigo, 04 inatoa nne. Njia ya memori ina biti 64. Kwa chipu za biti nane, chipu nane zinatosha kujaza safu moja (rank, kundi la chipu zinazojibu pamoja), kwa hiyo RAM ya chipu 16 ina safu mbili. Kwa chipu za biti nne, 16 zote zinafanya safu moja tu. Ukizihesabu kwa macho zinafanana kabisa, 16 na 16, GB 8 na GB 8. Ndani ni vitu viwili tofauti.

Na kidhibiti cha memori kwenye prosesa za Intel za mezani za kizazi hiki kimetengenezwa kwa chipu za biti 8 na biti 16 pekee. Limo kwenye waraka wa Intel wa prosesa hizi, mstari mmoja, wazi. Chipu ya gigabiti 4 yenye upana wa nane ina biti 10 za anwani ya safu wima, yaani za kutafuta nafasi ndani ya chipu. Ile ya upana wa nne ina 11. Prosesa yangu haijui kuiomba hiyo ya kumi na moja. AMD, watengenezaji wengine wa prosesa, wanaijua. Chipu za biti nne kwa kawaida makao yake ni RAM za seva, na ndizo zinazojaa kwenye hizi 8GB za bei rahisi ambazo kwenye maduka ya mtandaoni ya China huandikwa kwamba ni za AMD peke yake. Zikivuka bahari, yale maneno hayaandamani nazo.

Mara ya mwisho nilikwenda dukani na flashi yenye Linux. Ile mashine ya majaribio ina kibandiko cha AMD mbele, prosesa ya A8 ya soketi FM2. Nikaomba niiwashe kwa flashi yangu, akakubali, na nilimshukuru kwa hilo. Nikaendesha decode-dimms, programu inayosoma maelezo yaliyomo ndani ya RAM, na ikasema yote mbele yetu wawili: upana wa chipu biti 4, safu moja, biti za anwani 16 kwa 11. Nikamwonyesha namba kwenye chipu pia. Hakurudisha pesa, lakini alichukua kalamu akaandika AMD kwenye boksi zilizobaki. Hilo limenifurahisha kuliko pesa, kweli kabisa. Kuna mtu angekuja na Dell yake ya Intel akaondoka akiambiwa mazabodi imekufa.

Kwa wanaonunua 8GB za DDR3 kwa mashine za Intel za enzi hii, soma lebo mpaka mwisho. Nzuri inaandika 8GB 2Rx8 PC3-12800U. 2R ni safu mbili, x8 ni chipu za biti nane, na hiyo x8 ndiyo unayoitafuta. Lebo yangu ilikuwa na 8GB na 1600 tu, mambo ya safu na upana hayakuandikwa kabisa. Pasipo na 2Rx8 soma chipu: Samsung 08, Hynix 4G83. Ukikuta 04 au 4G43, hiyo si yako. Ya L, volti 1.35, haina shida hapa; inakubali na 1.5.

Zilizowaka ni za mtumba, zimetolewa kwenye HP nyingine ya ofisi, 2Rx8, chipu H5TQ4G83. Chafu, lebo imechanika nusu, na zimesoma mara ya kwanza. Prosesa ina chaneli mbili za memori; nimeziweka moja kila chaneli na zile za 4 nazo moja kila chaneli, hivyo kila upande una 12 na chaneli mbili zinafanya kazi sawasawa. Za zamani ni PC3-10600, yaani za kasi ya 1333, kwa hiyo zote nne zimeshuka hadi 1333. Kuna watakaosema nizitoe nibaki na 16 kwa 1600. Kwa michezo labda. ODM haihesabu kasi, inahesabu nafasi, na kati ya gigabaiti 25.6 na 21.3 kwa sekunde hakuna kaburi litakaloona tofauti. GB 8 za ziada zinaonekana: lile la nguzo limekwisha leo, kutoka picha hadi modeli, bila 137. Ukisogeza karibu unaona ukingo wa kishimo cha bakuli na chokaa iliyobaki ndani yake.

Mpango ulikuwa kununua SSD sasa na kubadilisha pasta ya kupoza prosesa. Nimeahirisha vyote viwili, kwa sababu RAM mbili nzima za 8GB ziko mezani na siwezi kuziangalia zikikaa bure. Natafuta mazabodi ya FM2 iliyotumika, hata bila kava, niifanye hifadhi ya picha ghafi za Tongoni, maana kwa sasa ziko kwenye diski moja tu na hilo linaninyima usingizi kuliko RAM. Ninachotaka ni sloti mbili za DDR3, milango ya diski ya SATA angalau minne, na mlango wa mtandao wa gigabiti. Mwenye nayo Tanga au Muheza aniambie, na flashi yangu nakuja nayo.