Jinsi tulivyoanza kuyapima maji ya Tudor

Miche 300 ya mkoko tuliyopanda Mikindani, ukingoni mwa kriki ya Tudor, ule mkono wa bahari unaoingia bara hapa Mombasa, ilikufa karibu yote kabla ya mwaka kwisha. Nafundisha shule ya msingi huku, na siku ile nilishuka na darasa la sita zima, watoto wakiimba, magunia ya miche mabegani. Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji yamekupwa mbali, tope tupu limelala wazi mbele yetu, nasi tukaona hapo ndipo penye nafasi. Tukapanda kwa mistari, kama mahindi.

Baada ya miezi mitatu watoto wakaanza kuuliza habari za miti yao. Nilikwenda peke yangu. Mingine ilikuwa imeng'oka, na mingine shina lote limeshikwa na vile vigamba vigumu vinavyong'ang'ania chini ya vyombo. Iliniuma hasa, maana kila mche ulikuwa na mwenyewe.

Mvuvi mmoja mzee alikuwa dikoni, pale vyombo vinapotua, akiziba mtumbwi wake. "Mwalimu," akaniambia, "hapo mkoko haukai. Hapo hapakauki ila siku za bamvua. Tazama miti ilivyojipanga yenyewe." Nikatazama. Mbele kabisa, penye maji mengi, mililana. Nyuma yake mikoko, mizizi imesimama kama miguu ya kaa. Kuelekea nchi kavu, mikandaa na michu, yote jamii moja ya miti ya maji ya chumvi. Nimezaliwa Mombasa, ukingo ule nimeupita tangu utotoni, na safu zile sikuwa nimeziona.

Nikaamua hatupandi tena hata mche mmoja mpaka tupime mwaka mzima. Vifaa vyetu vilikuwa gongo lililochorwa sentimita, kamba ya manila, daftari, na jedwali la kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini linalotolewa na Mamlaka ya Bandari. Bahati njema, siku za bamvua maji hapa hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kwa hivyo Jumamosi zilizoangukia bamvua zilitutosha. Watoto wakagundua wenyewe kwamba siku hizo maji hupanda na kushuka zaidi ya meta 3, na siku za maji mafu hupanda meta moja na kitu tu. Kijana mmoja akasimama penye ile mistari yetu ya zamani siku ya maji mafu, wakati wa kupwa, maji yakamfika magotini. Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi.

Mtafiti mmoja wa mambo ya bahari alituazima refraktomita. Unadondosha tone la maji kwenye kioo chake, unalielekeza kwenye mwanga, unasoma chumvi. Bahari kuu huwa na gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji. Masika ilipoingia, mito ya Kombeni na Tsalu ikaleta maji mekundu ya udongo wa bara, na chumvi ikashuka vibaya sehemu za juu za kriki. Watoto wakabishana siku nzima kama kifaa kimeharibika. Ndipo wakaelewa kwamba shamba likilimwa ovyo huko juu, tope lake huja kulala kwenye mizizi ya mikoko yetu.

Kazi ngumu ilikuwa kuwaeleza watu wazima. Baraza la kwanza dikoni nililiharibu mwenyewe. Nilizungumza nusu saa juu ya sheria, kwamba mikoko ya pwani ni msitu wa serikali tangu 1932 na kuikata kwataka kibali. Mama karanga mmoja, anayekaanga samaki pale pale, akanijibu kwa upole: "Mwalimu, sheria twaijua. Kuni je?" Sikuwa na jawabu, na watu wakatawanyika.

Mara ya pili sikuhutubia. Watoto walichota maji katikati ya mizizi kwa wavu wa chandarua, wakayatia kwenye chupa ya kioo, wakaipitisha kwa mkono na lenzi moja. Mle ndani mlikuwa na vidudu vyenye macho meusi, vyepesi kama nyuzi, vikirukaruka. Yule mama akaishika chupa muda mrefu. "Hawa ni kamba?" Mtoto akamwambia ndio, ni wachanga, hukulia humu mizizini kisha hutoka baharini. Akamwita mwenzake. "Njoo uone. Hawa ndio wale tunaowauza." Wakaanza kuulizana wao kwa wao ni wapi kamba walikuwa wakivuliwa zamani na sasa hawapo, na mimi nikawa naandika tu, kwa sababu yale hayamo katika daftari la mtu yeyote.

Suala la kuni halijaisha. Wengine sasa huchoma vifuu vya nazi, wengine bado hununua kuni bila kuuliza zimetoka wapi. Lakini kipande kimoja cha ukingo tulikubaliana kisikatwe wala mbuzi wasipitishwe, nasi tukakizungushia kamba bila kupanda chochote. Bamvua iliyopita tulikwenda kuhesabu. Mbegu za mkoko zilizoanguka zenyewe zimechomeka topeni, zina majani manne manne, na tulipofika 60 yule mama karanga akaomba ashike yeye ncha ya kamba.