Mashimo mawili yaliyobaki Nguba

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nilishuka Nguba, mtaa wetu wa Bukavu, hadi ukingoni mwa Ziwa Kivu, darubini ya marehemu baba shingoni. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Wavuvi walikuwa wanarudi na mitumbwi yao, mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zimezimwa, nyimbo zimepungua nguvu.

Juu yao alikuwepo mdiria, ndege mvuvi. Si yule mdogo wa buluu wa kwenye matete. Nasema huyu mweupe na mweusi. Anasimama hewani, mabawa yanapiga mbiombio, kichwa hakitikisiki hata kidogo, halafu anajiachia kama jiwe. Wenzake wakipata samaki hurudi kwanza kwenye tawi. Huyu anaweza kummeza hukohuko angani, kwa hiyo hafungwi na ufuko, anawafuata sambaza, wale samaki wadogo, mbali. Na sambaza wenyewe ni wageni: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Nyanya yangu alikuwa msichana mkubwa alipowaonja mara ya kwanza.

Mzee mmoja aliyekuwa anakung'uta wavu aliniuliza, "Mwanangu, unatafuta nini na hiyo mashine?" Nikampa aangalie. Nikamwambia dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja tu. Alikaa nayo machoni muda mrefu. "Kumbe huyu ni mama," akasema polepole. Nilifurahi kuliko ningeona ndege mpya.

Mnandi wawili walikuwa wameanika mabawa juu ya mti mkavu. Yangeyange mmoja, mwewe wengi.

Nilichokifuata hasa ni ule ukingo wa udongo baada ya kona. Mwaka jana nilihesabu hapo mashimo manne ya mdiria, ndiyo viota vyake. Huyachimba kwa mdomo, yakaingia ndani zaidi ya mita moja. Sasa nusu ya ukingo ni ukuta wa mawe na saruji. Iliniuma sana. Mwenye kiwanja anaogopa udongo wake usiliwe na mawimbi, namwelewa, lakini ndege hatoboi saruji. Yamebaki mashimo mawili. Nikakaa kwenye majani yenye umande, nikasubiri.

Karibu saa mbili jike alifika na samaki. Mdiria akitaka kula mwenyewe, humgeuza samaki kichwa kielekee kooni. Wa huyu kichwa kilikuwa kimetazama mbele, tayari kwa kinywa kingine. Akaingia shimoni, akatoka mdomo mtupu.