Hereni za Vibonye

Mdogo wangu alipokaribia kuhitimu masomo ya kompyuta, nilitaka kumpa zawadi isiyonunulika. Stoo ilikuwapo ile kompyuta ya mezani aliyojifunzia kuandika jina lake, imekufa zamani. Nikaamua kumtengenezea kidani na hereni kutokana na vipande vyake.

Shanga nilikuwa nazijua kiasi. Ndani ya kompyuta sikuwahi kuchungulia. Bahati nzuri nilikuwa na marafiki wawili wa mtandaoni ambao hatukuwahi kuonana: mama mmoja wa makamo anayetengeneza mapambo kwa mkono, na kijana anayependa kompyuta za kizamani kuliko mpya, ambaye sote tulimwita Fundi. Wenyewe hawakujuana. Nikawaunganisha, tukawa tunaongea watatu.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kukata ule ubao wa saketi wa kijani, nitoe pembetatu mbili za kuning'iniza masikioni. Fundi akanizuia palepale.

"Dada, huo usiutie msumeno. Kompyuta ya umri huo imelehemewa kwa bati na madini ya risasi, na ubao wenyewe umetengenezwa kwa nyuzi za kioo. Vumbi lake si la kuvuta."

Akanieleza kwamba Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia risasi kwenye vifaa vya elektroniki mwaka 2006, na yetu ilikuwa ya zamani zaidi. Nikauweka ubao kando. Kitu cha kuvaliwa na mtu unayempenda hakibahatishwi.

Akanielekeza kwenye diski kuu, kile kisanduku cha chuma kinachotunza mafaili, ila akataka kwanza nihakikishe hakuna kilichobaki ndani. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani yake ya duara inayozunguka, kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi, kwa hiyo ukishafungua mfuniko juu ya meza ya nyumbani, usihesabu kusoma chochote tena. Nikaazima adapta inayoingia kwenye zile pini 40 za diski, nikahamisha picha zote za utotoni. Kwa ushauri huo peke yake namshukuru hadi leo.

Skrubu za diski hutaka bisibisi ya nyota yenye ncha sita. Nilifungua zote, mfuniko ukagoma. "Papasa lebo kwa kidole," Fundi akasema. Kweli, chini ya karatasi palikuwa na kishimo. Nikaibandua, skrubu ya mwisho ikaonekana. Sahani ilipotoka niliishika kwa kingo tu: upana milimita 95, tundu la katikati milimita 25, inang'aa kama kioo cha kujitazamia. Ilikuwa ya alumini. Za kompyuta ndogo za kubeba mara nyingi ni za kioo hasa, nazo ukizitoboa hupasuka vipande vipande.

Nikawatumia picha kwa furaha. Mama yule hakusifu kwanza.

"Mwanangu, hiyo imepakwa nini?"

Sikuwa na jibu. Fundi alikuwa nalo: alumini hiyo hufunikwa kwa nikeli iliyochanganywa na fosforasi, halafu utando wa sumaku, halafu kaboni juu yake. Mama alikuwa amekumbuka nilichomwambia siku nyingi nyuma, kwamba masikio ya mdogo wangu huvimba na kuwasha kila akivaa hereni za nikeli. Fundi akatetea kwamba kaboni inaziba. Mama akamjibu kwamba utando mwembamba namna hiyo utakwanguka kwa kuvaliwa, na jasho halina subira. Nilikuwa upande wa mama. Fundi naye, baada ya kutafakari, akakubali.

Basi sahani ikawa kidani cha kuvaliwa juu ya nguo, mgongoni nimeibandika kitambaa kizito, kamba ya pamba ndefu nimeipitisha kwenye tundu lake lilelile na kufunga kitanzi. Sikutoboa chochote.

Hereni zikatoka kwenye kibodi: vibonye viwili, herufi ya kwanza ya jina lake na ya kwangu. Plastiki yake ilikuwa imelainika na kung'aa pale vidole vilipogonga kwa miaka. Nilivitoboa kwa keekee ndogo ya mkono, polepole, kwa sababu msumari wa moto huyeyusha plastiki na kutoa moshi mbaya. Kulabu mama alinichagulia za titani. Zile zinazoitwa za chuma cha hospitali alizikataa. Nazo zina nikeli ndani yake.

Siku ya mahafali mdogo wangu alivivaa tangu asubuhi. Usiku nikawatumia wale wawili picha ya sikio lake kwa karibu: halikuwa na wekundu wala uvimbe. Fundi akanikumbusha nisiutupe ule ubao jalalani, niupeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Mama yeye alikuwa na swali kwa Fundi: ana diski mbovu ngapi nyumbani kwake, na je, yuko tayari kuzifungua?