Kubandua saruji kwenye ukuta wa matumbawe, Bagamoyo

Gonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Ukilia kama debe tupu, plasta ya saruji imeshaachana na mawe, na hakuna rangi itakayokaa hapo. Ukuta niliorekebisha Mji Mkongwe wa Bagamoyo ulilia hivyo kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua: mita 20 za mraba, mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa, unene nusu mita. Mwenye nyumba alikuwa ameshashauriwa abomoe, ajenge kwa bloku. Hapakuwa na haja.

Ukuta wa namna hii hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa taratibu usoni mwake. Ukiuziba kwa saruji, na juu yake rangi ya mafuta, unyevu unapanda juu zaidi ukitafuta pa kutokea. Chumvi iliyomo huganda nyuma ya plasta na kuisukuma, na vichwa vya boriti vilivyomo ukutani vinaanza kuoza. Mpangaji yeye anaona ukungu tu, anahama.

Nilianza na maji, si ukuta. Bati halikuwa na gata, na zege la uani lilimwagwa hadi kugusa ukuta, tena likiinamia nyumba. Nilikata ukanda wa zege wa sentimita 50, nikachimba sentimita 30 tu (ukizidisha unaweza kuufichua msingi), nikajaza kokoto. Gata nililifunga likishuka sentimita 1 kila mita 2.

Plasta ibanduliwe kwa tindo na nyundo ndogo. Mashine ya kutoboa zege inatikisa mawe hadi yanalegea. Viungo vya kati ya mawe nilivikwangua kina cha sentimita 2 hadi 3. Chumvi inayojitokeza ipigwe brashi ikiwa kavu, ikusanywe, itupwe mbali. Ukiiosha unairudisha ndani. Kisha ukuta ukae uchi. Masika ilipokwisha niliuacha wiki 10, nikipiga brashi kila Jumamosi.

Wakati huo chokaa ya plasta mpya inalowekwa. Ya unga, ya mifuko, niliiloweka mwezi mzima, maji yakiifunika vidole vinne. Ukipata chokaa hai ya tanuru, tahadhari: ikikutana na maji inachemka. Tumia pipa la chuma, tia maji kwanza, halafu chokaa kidogo kidogo, na uvae miwani.

Mchanganyiko ni ndoo 1 ya chokaa iliyolowekwa kwa ndoo 3 za mchanga wa mto wenye chembe kali. Mchanga wa ufukweni uko hatua chache tu, na ndio mtego wenyewe: unarudisha chumvi uliyohangaika kuitoa. Kwa plasta ya milimita 20 hesabu ilikuwa ndoo 7 za lita 20 za chokaa na 21 za mchanga, lakini mashimo ya matumbawe yalikula zaidi, nikafika 9 na 27. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza, nilitia nyuzi za katani zilizokatwa sentimita 3, zizuie nyufa. Sehemu ya chini inayorukiwa na mvua niliongeza nusu ndoo ya unga wa tofali za kuchoma kwa kila ndoo ya chokaa. Unasaidia chokaa kushika hata penye unyevu.

Lowesha ukuta, kisha rusha kwa mwiko, kila mkono usizidi milimita 10. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa ikiwa na unyevunyevu, kwa hiyo upepo wa kusi ni adui. Upande mmoja ulipasuka kama tope la bwawa siku ya pili kwa sababu magunia hayakuloweshwa mchana. Nilibandua, nikarudia. Magunia mabichi yakae siku 5, na mkono wa pili usubiri wiki mbili. Chunga pia fundi asichanganye saruji kwa kificho “ili ishike haraka”. Kiraka cha namna hiyo utakitambua kwa rangi ya kijivu.

Mwisho ni chokaa nyepesi kama maziwa, mikono 5, ukuta ukiwa umeloweshwa. Wapaka rangi wengi hutia chumvi isichafue nguo. Hapa marufuku. Sentimita 20 za chini zitaanza kumomonyoka baada ya misimu kadhaa. Ndipo chumvi inapotokea. Zikwangue, uzirudie. Ndoo moja ya chokaa inatosha.